Majina Niliyoyanyamazia Nizwa

Thuraya alinipigia simu kutoka Sur Jumatano asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Ibra nachagua mchele, akaniambia Khala Zayana wa Nizwa amefariki. "Kesho nakupitia," akasema, "uwe tayari, usinikalishe." Kesho yake mwanawe akatuendesha. Siku hizi ipo njia ya mkato, lakini Thuraya alimtaka apitie Bidbid, pale barabara ya kwetu inapokutana na ya Nizwa, kwa sababu ndipo tulipokuwa tukibadilisha teksi enzi zile. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, natazama maduka ya kando ya barabara ambayo sikulitambua hata moja. Nyumba ya msiba ilijaa wanawake. Tulikaa chini juu ya zulia, tukaletewa tende na kahawa, na binti mmoja, mjukuu wa marehemu, akatuuliza kwa adabu sisi ni nani kwake. Thuraya akajibu upesi kwamba zamani tulikuwa wanafunzi hapo mjini, tukija kumtembelea. Si uongo, lakini jibu lile lilinikera njia nzima ya kurudi. Mimi sikuwa mtu wa kumtembelea tu. Sasa nimestaafu, nimesimama mbele ya darasa karibu miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo sijafanya jambo ninalojivunia kuliko nililolifanya mwaka ule nikiwa na miaka kumi na tisa. Jambo lenyewe lilikuwa ni kunyamaza. Wanaonijua watacheka, maana kunyamaza si sifa yangu.

Habari za nani kati ya wazee wetu alitoka wapi huko Bara, ng'ambo ya Unguja, na alikuja huku kwa Waarabu lini, nitaziacha. Kila nyumba yetu ina mzee wa kuzisimulia, na hakuna anayezisimulia kwa kifupi. Naanzia hosteli ya chuo cha ualimu cha Nizwa, chumba cha mwisho kwenye ujia, vitanda viwili vya chuma, dirisha moja linalotazama mitende, na kabati lisilofungika ambalo Thuraya alilizuia kwa sanduku lake. Yeye alinitangulia mwaka mmoja. Wazee wake walikuwa watu wa Unguja mjini, na kwa hiyo alijiona ndiye mwenye Kiswahili na mimi nimekiazima. "Nyie watu wa Bara mnasema kama mnapasua kuni," alikuwa akiniambia. "Hebu polepole, hakuna anayekufukuza." Kila akitoka kwao Sur alikuja na papa mkavu amefungwa kwenye magazeti, na tukampika mchuzi wa nazi kwenye jiko dogo la umeme tuliloficha chini ya kitanda changu. Harufu ilijaa ujia mzima. Msimamizi wa hosteli akija kugonga na kuuliza ni nini hicho, Thuraya humjibu kwa Kiarabu laini kabisa kwamba ni dawa ya kifua, mwenzake anakohoa, nami nilitakiwa nikohoe. Nilikohoa vizuri. Mpaka leo nikila mchuzi wa papa, na siku hizi nampika bila kujificha, naona kama umepungua utamu kidogo.

Kiarabu changu kilikuwa cha kusikia. Nilikielewa chote, pamoja na matusi, lakini nikifungua mdomo kinachechemea, mwanamume namsemesha kama mwanamke na mwanamke namsemesha kama mwanamume. Wasichana darasani walikuwa wakinisubiri niulize swali ili wapate cha kucheka chakula cha mchana. Waliniita Zinjibariya, mimi ambaye Zanzibar sijawahi kuitia mguu, na Thuraya mwenye haki ya jina hilo hawakumwita hata siku moja, kwa vile maneno yake yalitiririka. Wala sikuwalaumu sana wao, walikuwa watoto kama mimi. Aliyenichoma ni mwalimu wetu wa historia, tuliyemwita Daktari tu, mtu mpole mwenye kanzu isiyo na kunjo. Na yeye aliniita hivyohivyo, bila ubaya, kama mtu anavyoita kiti kiti. Siku moja nilikuwa nimebeba madaftari ya darasa zima kuyapeleka chumba cha walimu, mlango uko wazi kidogo, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Yule Zinjibariya akili anazo. Lakini mwalimu wa historia ni ulimi, na ulimi hana. Muhula ukiisha nitampeleka mapishi na kushona, huko atapumzika." Mwenzake akasema maskini. Nilisubiri kidogo, nikagonga, nikaingia, nikayaweka madaftari mezani yakiwa yamenyooka. Halafu nikaenda chumbani nikalia mpaka Thuraya akanivua viatu. Nilitaka historia tangu utoto, na nilikuwa sijui kutaka kitu kingine.

Kila mwaka wanafunzi wa historia walitoka siku moja kuzuru misikiti ya kale ya Nizwa. Mji huu maimamu, ndio watawala wa zamani, waliukalia, wanazuoni walizikwa humu, na ndani ya vichochoro vyake huendi mbali hujakuta msikiti. Kila mmoja wetu alipewa mahali pake, asimame hapo mbele ya wenzake na Daktari na wakaguzi wawili kutoka Maskati, aeleze kwa Kiarabu pamejengwa na nani na pana sifa gani. Maelezo hayo ndiyo yaliyoamua nani abaki historia. Tulichagua kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia ya Daktari. Mmoja akapata msikiti mkuu, mmoja akapata ule wenye mihrabu ya chokaa iliyochongwa maandishi mpaka juu, ambao vitabu vitatu maktabani vinausifu. Mimi nikafungua changu, kimeandikwa, "Msikiti wa wanawake, kando ya falaji." Falaji ni mfereji wa maji unaopita katikati ya mashamba na nyumba, na kila mtaa una sehemu ya wanawake kufulia na kuoga. Nilipekua maktaba siku nne. Nilichokipata ni mstari mmoja: na mtaani hapo upo msikiti wa wanawake. Nilimwendea Daktari na mstari wangu. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinikasirisha kuliko kucheka. "Sema utakachoweza," akasema.

Thuraya ndiye aliyeulizia mpaka akajua ufunguo wa msikiti huo anao nani. Alhamisi moja alasiri tukafika nyumba ya udongo iliyogusana ukuta na msikiti, akatufungulia mama mwembamba mwenye mtandio wa rangi ya machungwa na macho makali ya mtu anayehesabu kuku wake. Ndiye Khala Zayana, khala kwao ni mama mdogo, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Chumba chake kilikuwa na mkeka, mito imeegemezwa ukutani, redio imefunikwa kitambaa, na dirisha chini kabisa, ili aliyekaa aone nje. Hakuuliza tumefuata nini, kwa adabu za huko mgeni hula kwanza. Tukaletewa tende, kisha kahawa kwenye vifinjani visivyo na mkono. Mimi nimelelewa na chai ya maziwa. Niliigusisha mdomo, ikawa chungu na ya moto, nikaiweka chini mbele yangu ipoe. Mazungumzo yakakatika. Khala Zayana akaweka birika, akautengeneza mtandio wake, akanitazama kwa namna nyingine kabisa. "Kunywa, mwanangu," akasema. "Haja yako imekubaliwa."

Nikamgeukia Thuraya. Alikuwa ameshanifinya. "Ushaharibu," akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Ukiweka kahawa chini hujainywa, maana yake una haja kwa mwenye nyumba. Lazima akukubalie ndo unywe. Haya, sema haja yako."

"Sina haja. Ni ya moto tu."

"Usimwambie hivo, wallahi utamvunjia heshima. Sema lolote."

Cha kusema kilikuwepo, ufunguo, na ndicho tulichokifuata. Lakini mtu aliyebanwa hatoi alichopanga. Nilifungua mdomo na kilichotoka, kwa Kiarabu changu kilichovunjika, ni kwamba nataka kufaulu, kwamba mwalimu amesema sina ulimi na atanitoa kwenye historia, na mimi nimepewa msikiti ambao hakuna kitabu kinachoujua. Nilisema yote, nikamsemesha kama mwanamume mwanzo mpaka mwisho. Yeye hakucheka. Alisikiliza hadi nilipomaliza, akasema, "Tamam. Nimekubali. Sasa kunywa." Nikainywa, na ikaniunguza.

Msikiti wenyewe ulikuwa chumba kimoja, hatua nane tu kutoka mlangoni mpaka kibla. Hauna mnara. Ngazi mbili zinashuka kwenye falaji kwa ajili ya udhu, na ndani mihrabu ndogo imetiwa bakuli la kaure la buluu, limeshikizwa na chokaa juu kidogo ya kichwa cha anayesali. Dari ilikuwa imeanza kumwaga udongo. Siku hizi umetengenezwa, umepakwa, na nje pana kibao cha kuwaelekeza watalii. Nilikisoma siku ile ya msiba. Kinasema mjenzi hajulikani. Nilisimama hapo nikacheka peke yangu, na mwana wa Thuraya akadhani nalia.

Tangu hapo kila Alhamisi nilikwenda. Nilidhani ataniambia habari za msikiti, niandike, nishukuru, niondoke. Khala Zayana hakuwa na haraka hiyo. Kabla ya kujibu swali lolote alinikalisha mbele ya mihrabu ile na kuniambia nisome Alhamdu. Nikikosea anagonga goti lake kwa kidole, naanza upya. Alhamisi ya kwanza sikuvuka aya ya pili. Mimi niliyehitimu Kurani kwetu, nikapikiwa hata pilau, naambiwa nirudie kama mtoto wa miaka mitano. Nilirudi hosteli nimevimba kwa hasira. Thuraya alicheka. "Si ulisema unataka kufaulu," akaniambia. Alhamisi ya nne nikamaliza bila goti kugongwa. Hakunisifu. Aliingia ndani akatoka na mkate mwembamba wa moto, akaupaka samli na asali, akaukunja, akanipa mkononi. Nilifundishwa na wengi baada ya hapo, wengine wana shahada za mbali, lakini sikumbuki cheti kilichonifurahisha kama mkate ule.

Baada ya mkate ndipo alipoanza kusimulia. Msikiti ule haukuwa wa kusalia tu. Wasichana wa mtaa walisomeshwa mle, na kila mwalimu alipozeeka alimwachia mwanafunzi wake mmoja, huyo naye akamwachia wake, bila karatasi wala mshahara. Mmoja wao aliuza bangili zake zote akanunua chokaa ya kupaka mihrabu. Mmoja alikuwa kipofu, akimtambua kila mtoto kwa hatua zake mlangoni. Mwingine, wanaume wa mtaa walipotaka kuubomoa wapanue njia ya kupitishia punda, alikaa mlangoni siku tatu na watoto wake, akipika hapohapo, mpaka wakaona haya. Na lile bakuli la kaure lilikuwa la harusi ya mwalimu wa kwanza kabisa, ambaye ndiye aliyejenga. Khala Zayana aliwajua wote kwa majina yao, majina ya baba zao na babu zao, saba, mmoja baada ya mwingine, na yeye wa nane. Ilipoanza shule ya serikali, wasichana wakaenda huko, naye akabaki na ufunguo. Alinisomea majina yale, mimi nikayarudia, kama tulivyorudia Alhamdu. Nikimruka mmoja, kidole kinagonga goti.

Siku nilipoyashika yote alinishika mkono. "Haya sasa ni yako," akasema. "Lakini mwalimu wako ni mwanamume."

"Ndiyo, khala. Na wakaguzi, na dereva."

"Basi sifa zao zote ziseme. Majina usiyataje. Baba zao hawakuyataja mbele ya wanaume wa nje, wala waume zao. Wamekufa na stara yao. Usiwatoe uwanjani."

Nilimwahidi. Nilikuwa naielewa lugha hiyo, hata kwetu Ibra baba hakumwita mama jina lake mbele ya mgeni, alisema watu wa ndani. Lakini nilipomhadithia Thuraya usiku huo tulikosana, mara moja tu mwaka mzima. Yeye aliona naupiga teke mlango ulioshafunguliwa. "Yataje," akasema. "Atajuaje? Weye utarudi kwenu Ibra, yeye yuko kwake na redio yake. Daktari anataka majina. Bila majina atakwambia umetunga."

"Nimemwahidi, Thuraya."

"Na kushona umemwahidi nani?"

Nikageukia ukutani. Sitajifanya hapa kwamba sikufikiri kuyataja. Nilifikiri wiki nzima, na usiku wa kuamkia ziara nilikuwa nimekwisha amua kuyataja, nikaamua tena kutoyataja, na asubuhi nilipanda basi bila kujua nitafanya lipi.

Zamu yangu ilikuja karibu na adhuhuri, watu wamechoka na misikiti mikubwa, mkaguzi mmoja anajipepea kwa daftari. Khala Zayana alikuwa ametuachia mlango wazi, na amewatumia wanaume ujumbe wasivuke kizingiti, waangalie kutoka nje. Mwenyewe alikuwa nyumbani kwake, nyuma ya lile dirisha la chini, hatua chache kutoka niliposimama. Nilianza. Sijui niseme nini juu ya Kiarabu changu siku ile, ila hakuna aliyecheka. Nilieleza ngazi na falaji na bakuli la kaure, nikaeleza bangili, kipofu, siku tatu za mlangoni. Niliwaita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkaguzi akaacha kujipepea. Daktari alikuwa ametoa kalamu, naye hakuwa mtu wa kuandika ovyo. Nilipofika mwisho akaniuliza, "Hawa ni akina nani? Majina yao?"

Nilimwona Thuraya, aliyekuja na darasa lake la mwaka wa pili, akinitikisia kichwa kwamba sema. Nilikuwa nayo yote saba juu ya ulimi, yananitekenya. Na hapo, bila kupima tena, nikajua kwamba sitayasema. Sikuwa jasiri. Niliona tu kwamba nikiyauza ili nibaki historia, sitakuwa na uso wa kuifundisha.

"Majina ninayo, Daktari," nikasema. "Nimekatazwa kuyataja mbele ya wanaume."

"Nani amekukataza?"

"Mwalimu wangu."

"Mwalimu wako ni mimi."

"Darasani, ndiyo, Daktari."

Wasichana wakavuta pumzi. Daktari hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa hivyo. "Binti," akasema, "historia bila majina ni hadithi ya kulalia. Nitaandika nini hapa?" Nikamwambia aandike kwamba sikusema. Akalifunga daftari lake, taratibu, kwa masikitiko ya kweli, akawageukia wenzangu kumwita anayefuata.

Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka. Khala Zayana akatoka, mtandio ameuvuta mpaka machoni, akasimama kwenye kizingiti cha msikiti wake mbele ya wanaume wanne. "Huyu nilimkubalia haja yake," akasema, "naye ameilinda yangu. Fungua daftari, uandike." Daktari akafungua. "Aliyejenga ni Shamsa binti Saif bin Hilal. Shamsa alimsomesha Rayya binti Nasir bin Ali. Rayya alimsomesha Moza binti Hamed bin Salim, naye ndiye kipofu." Aliendelea hivyo, mmoja mmoja, kila mmoja na baba na babu, bila haraka, akisubiri kalamu imfikie, kama mtu anayewaita wageni wa ndani waje kukaa barazani. Dereva aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nalia na sikujificha. Alipomtaja wa saba akauweka mkono kifuani. Kisha akasema, "Na mimi, Zayana, alinisomesha huyo wa saba. Na mimi nimemsomesha huyu aliyesimama mbele yenu."

Daktari alikuwa bado anaandika. Aliinua kichwa, kalamu ikiwa juu ya karatasi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaniuliza jina langu nani. Alikuwa nalo kwenye orodha yake kila asubuhi. Nilimtazama Khala Zayana, akaniitikia kwa kichwa. Nikalitaja mbele ya wakaguzi na dereva na wasichana wote, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya falaji: Nasra binti Khalfan bin Juma, wa Ibra, mwanafunzi wa historia.

Akaandika yote, pamoja na hayo maneno matatu ya mwisho.